Neno "Bread" na Mwenye Mkate

Tangu miaka miwili sasa tunafundisha Kiingereza kwenye parokia yetu, jioni mbili kwa juma, katika chumba kile ambamo mchana watoto hujifunza katekismu. Wanaokuja ni watu wa kila namna: madereva wa malori wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, wauzaji wa samaki wakavu, wanafunzi, na mama mmoja mshonaji ambaye anashika maneno upesi kuliko wote. Sisi hatukuzaliwa katika Kiingereza. Tulikipata seminarini, nyuma ya Kilatini na Kifaransa, na seminari tuliiacha tukaoa, tukawa katekista. Lakini aliyetembea hatua kumi za njia aweza kumwongoza yule aliyetembea mbili.

Katika kufundisha tumeona jambo moja. Maneno magumu ya Kiingereza si yale marefu. Marefu mara nyingi ni ndugu wa Kifaransa, nasi Wakongo twayatambua kwa sura. Yanayotusumbua ni yale mafupi ya jikoni na ya shambani, ambayo mtoto wa Mwingereza anayajua kabla ya kumaliza kuota meno. Kwa nje ni kitu cha kushika mkononi. Kwa ndani ni jambo lingine kabisa. Leo tuseme juu ya moja tu, "bread", yaani mkate.

Dereva mmoja alitusimulia yaliyompata kule Zambia. Malori yalikuwa yamesimama kwenye mstari siku ya tatu. Kijana mmoja akamwendea, akamwambia kwamba hana "bread". Dereva wetu ni mtu wa huruma. Alifungua mlango wa lori, akatoa mkate, akaukata nusu, akampa. Kijana akacheka sana, kisha akamweleza kwamba alitaka pesa. Lakini mkate aliula.

Ndivyo ilivyo. Katika maneno ya barabarani ya Kiingereza, "bread" ni pesa, hata "dough", yaani unga uliokandwa na maji, nao ni pesa. Kazi inayomlisha mtu siku zote, hata kama haimpendezi, huitwa mkate wake na siagi yake. Mtu anayejua vema nani anamfaidia, na kwa hiyo hamkosei adabu, husemwa kwamba anajua upande gani wa mkate wake umepakwa siagi. Msemo huu ni wa kale, ulikwisha kuandikwa katika kitabu cha methali cha John Heywood mwaka 1546. Na maskini wa mwisho husemwa yuko kwenye mstari wa mkate, kwa sababu katika miji mikubwa ya Marekani, karne ya 19 ilipokaribia kwisha, watu wasio na kitu walipanga mstari usiku kungojea mkate wa bure.

Kuna hata msemo wa mkate uliokatwa. Mwaka 1928, katika mji mdogo wa Chillicothe, jimbo la Missouri kule Marekani, ulianza kuuzwa mkate uliokatwa vipande tayari kwa mashine ya fundi mmoja, Otto Rohwedder. Watu waliupenda mno, hata leo mtu akitaka kusifu kitu kipya husema kwamba tangu mkate uliokatwa hakijatokea kizuri kama hiki. Sisi tulio na kisu nyumbani hatuoni ajabu kubwa. Lakini mwaka 1943, wakati wa vita, serikali ya Marekani ilipokataza mkate huo, mama wa nyumba walilalamika hivi kwamba katazo halikumaliza miezi miwili.

Tusiwacheke Waingereza. Kiswahili chetu kinafanya vilevile, ila sisi hatukuchagua chakula, tulichagua kula kwenyewe. Mtu anakula kiapo. Mfanya biashara anakula hasara. Wabaya wanakula njama. Mkubwa wa ofisi anakula franka za watu, na tunaposema hivyo hakuna anayefikiri kwamba ametafuna karatasi. Tena kuna jambo la bukari. Hapa Katanga mtu aweza kunywa chai na mkate asubuhi, kula ndizi mchana, kula wali jioni kwa shemeji yake, naye akifika nyumbani atamwambia mke wake, bila uwongo wowote, kwamba hajala. Kwake kula ni bukari. Vingine vyote ni kuchezesha meno.

Na Waingereza pia walipitia njia hiyo. Zamani neno lao "meat", ambalo leo ni nyama, lilikuwa na maana ya chakula chochote. Anayefungua Biblia yao ya mwaka 1611 atakuta katika kitabu cha Walawi sadaka inayoitwa kwa neno hilo, akidhani ni ya mnyama. Akiendelea kusoma ataona ni unga mzuri na mafuta, wala hamna nyama hata kidogo. Msomaji asiyejua historia ya neno atafikiri kwamba mtafsiri alilala usingizi.

Sasa twende kwenye mambo ya kale zaidi, maana hapo ndipo neno hili linapotupendeza sana.

Waingereza wa kwanza hawakuuita mkate "bread". Waliuita "hlaf". Neno "bread" lilikuwapo, lakini wengi katika wanaochunguza lugha wanafikiri kwamba lilikuwa na maana ya kipande tu, tonge, kitu kilichomegwa. Polepole kipande kikachukua jina la kitu kizima, na kufika karibu na mwaka 1200 "bread" ndilo lilikuwa neno la kawaida. "Hlaf" halikufa, limebaki katika neno "loaf", yaani mkate mmoja mzima. Limebaki pia katika "Lammas", sikukuu ya tarehe 1 Agosti, ambayo ni Misa ya mkate: siku hiyo Wakristu wa Uingereza walileta kanisani mkate wa ngano mpya ili ubarikiwe.

Lakini limejificha mahali pengine ambapo hakuna Mwingereza wa leo anayeliona. Katika nyumba ya zamani, mkubwa wa nyumba aliitwa "hlafweard", maana yake mlinzi wa mkate. Watu walilisema upesi upesi, karne baada ya karne, likalainika kama jiwe la mtoni, likawa "lord". Ndilo neno wanalowaitia wakubwa wao, na ndilo wanalomwitia Bwana Mungu. Mke wake aliitwa "hlæfdige", maana yake mkanda mkate, yule anayetia mikono katika unga. Nalo likalainika likawa "lady". Leo mwanamke mwenye kofia na glovu nyeupe akiitwa "lady" hafikiri hata kidogo kwamba ameitwa mtu mwenye unga mpaka viwiko.

Na wale waliokaa katika nyumba hiyo bila kuwa na mali, watumishi na wategemezi, waliitwaje? Waliitwa "hlafæta", mla mkate. Neno hili limo katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent. Ndiye mfalme aliyempokea Mtakatifu Augustino, si yule wa Afrika bali mmonaki aliyetumwa na Papa Gregori Mkuu, akafika Kent mwaka 597. Sheria hizo ni za kale kuliko maandiko mengine yote tunayoyajua ya Kiingereza. Nazo zinasema kwamba mtu akimwua mla mkate wa mtu huru wa kawaida, atalipa shilingi 6. Bei yenyewe ni ndogo, tunaona uchungu kuisoma. Lakini twaona hapo namna ya kuwaza: nyumba nzima ilipimwa kwa mkate. Mmoja anaulinda, mmoja anaukanda, wengine wanaula. Hakuna aliyetajwa kwa fedha wala kwa elimu wala kwa ukoo.

Tulipoeleza hayo darasani, mama mshonaji aliuliza: "Mwalimu, na nani alilima ngano?" Tulimjibu kwamba bila shaka ni wale wale wala mkate. Akasema: "Ndivyo nilivyofikiri."

Kilatini nacho kina lake. Mkate kwa Kilatini ni "panis", na "cum" ni pamoja. Kutoka hapo likatoka neno "companio", mtu anayekula mkate pamoja nawe. Wafaransa wakafanya "compagnon" na pia "copain", neno ambalo vijana wetu wa Lubumbashi wanalitumia kila siku bila kujua kwamba wanataja mkate. Waingereza wakachukua "companion". Na kikundi cha watu wanaokula pamoja kikaitwa "compagnie", kwa Kiingereza "company", ambalo kwa Kiswahili ni kampuni. Someni tena, wasomaji: neno kampuni, kwa asili yake, ni watu waliokaa kuzunguka mkate mmoja.

Wazee wetu wa Katanga wangeweza kulielewa hilo. Wakati wa Union Minière, ambayo ilianzishwa mwaka 1906, mfanyakazi alipata mshahara wa franka, na pia posho: unga, maharagwe, samaki, mafuta, kwa hesabu ya watu wa nyumba yake. Hatusemi kwamba wakati ule ulikuwa mzuri. Aliyempa posho alimhesabu pia kama anavyohesabu majembe yake. Lakini babu zetu waliposema "kampuni inatulisha" hawakusema kwa mfano. Walikuwa na mfuko begani.

Hatuwezi kupita mkate bila kugusa Sala ya Bwana, lakini tutaigusa kidogo. Katika Injili za Kigiriki, mkate tunaouomba umepewa neno moja, "epiousios", ambalo karibu halipatikani mahali pengine popote. Katika Biblia ya Kilatini ya Mtakatifu Yeronimo, neno hilo moja limekuwa mawili. Katika Luka ni mkate wa kila siku. Katika Mateo ni neno refu, "supersubstantialis", maana yake ulio juu ya vitu vyote vilivyopo. Wakatoliki Waingereza waliochapisha Agano Jipya lao mjini Rheims mwaka 1582 walimfuata Yeronimo, wakaacha yote mawili. Sisi twaona walifanya vema. Wakristu wengine wanapenda kuchagua: ama mkate wa tumbo, ama mkate wa roho, na yule wa roho daima anachaguliwa na mtu aliyekwisha kushiba.

Sasa tufike kwa neno lililotufanya tuandike karatasi hizi. Ni "breadwinner". Kamusi inasema: mtu ambaye kazi yake inalisha jamaa. Ukitafsiri kipande kwa kipande, ni mshinda mkate, maana "win" leo ni kushinda, kama timu inavyoshinda mpira. Wanafunzi walilipenda sana, hasa wanaume. Mmoja alisimama akajipiga kifua.

Karibu na mlango hukaa baba mmoja ambaye hasemi sana. Alifanya kazi miaka mingi katika kampuni moja. Mshahara ulichelewa mwezi, kisha miezi, kisha siku moja walikuta lango limefungwa kwa mnyororo, na aliyekula pamoja nao mkate hakuonekana tena. Mke wake hakungoja. Alikopa mfuko mmoja wa unga wa ngano, akanunua chachu, akamwomba fundi akate pipa la chuma awafanyie jiko, na tangu siku hiyo anaoka. Saa tisa ya usiku anakanda. Saa kumi na moja na nusu mikate ya kwanza inatoka, na kabla jua halijapanda sana imekwisha kuuzwa kwa madereva.

Biashara hiyo si rahisi. Unga mwingi wa ngano unatoka nchi za nje, kwa maana ngano kwetu Kongo inalimwa kidogo tu, hasa huko milima ya Kivu, kwa Lubero. Dola ikipanda, unga unapanda. Na mteja amezoea noti moja kwa mkate mmoja. Ukimwongezea bei anakwenda kwa mwingine. Basi mama hufanya nini? Anaacha bei, anapunguza mkate. Waingereza walifanya jambo hilo kuwa sheria, mwaka 1266 au karibu na hapo, wakati wa mfalme Henry III. Bei ya mkate ilisimama, mkate wa robo peni ulibaki wa robo peni. Uzito wake ndio uliopanda na kushuka kwa kufuata bei ya ngano. Mwokaji aliyeiba uzito alitozwa faini, na akizidi kurudia alifungwa kwenye ubao mbele ya watu wote. Mama wa mtaa wetu hajasikia jina la Henry III, lakini anafuata sheria yake barabara. Sisi huwa tunanunua kwake. Mkate wa mwaka huu unaingia katika mfuko wa shati.

Jioni ile, wengine walipokwisha kutoka, baba huyo alibaki. Akauliza: "Mwalimu, yule mla mkate wa zamani, waliyemlipia shilingi sita. Si ndiye mimi?"

Tulielewa. Watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kutuambia kwamba hali pamoja na watoto wake. Anangoja wamalize, kisha anakula kidogo, amesimama, kama mtu anayepita. Mikate ya mke wake haigusi kabisa. Mke anajua sababu, naye ananyamaza, na kunyamaza huko kumekaa nyumbani kwao kama mgeni asiyesema siku ya kuondoka.

Tulimwambia kwanza yaliyo kweli juu ya neno. Kale, "winnan" halikuwa kushinda. Lilikuwa kusumbuka, kutoa jasho, kupigana na kazi. Kwa hiyo "breadwinner", ukilisikia kwa sikio la kale, ni yule anayesumbuka kwa ajili ya mkate. Tukamwuliza: nani anakwenda kutafuta makaa? Nani anachota maji saa nane ya usiku? Nani anafunga sanduku kwenye kinga na kulipeleka kwenye maegesho ya malori, kilomita sita, gizani? Akanyamaza, kwa kuwa ni yeye.

Kisha akasema: "Mwalimu, maneno ya kale ni mazuri. Lakini jirani zangu hawajui Kiingereza cha kale."

Hatukuwa na jibu, na tunakiri kwamba jirani hizo ni zetu pia. Sisi makatekista twajua kidogo jambo hili. Posho ya katekista haijapata kuwa kitu cha kujivunia, na nyumbani kwetu shamba la mahindi na muhogo lina mkono wa mama kuliko wetu. Watu wakituita "Baba katekista" njiani, yeye yumo shambani ameinama. Hata hivyo, sisi tuna jina la kanisa la kutufunika. Baba yule hana nguo ya namna hiyo. Kampuni ilipofungwa ilimvua.

Baada ya majuma mawili alikuja tena na karatasi. Binti yake wa kwanza alikuwa ameomba nafasi katika shule moja ng'ambo ya mpaka, ambako wanafundisha kwa Kiingereza na wanasaidia watoto wachache kwa karo. Ilikuwa karatasi ya kujaza maulizo. Jina la mtoto alikwisha kuandika, tarehe ya kuzaliwa pia, parokia pia. Kwenye mstari wa saba palikuwa na lile neno, "breadwinner", na nafasi ya jina moja.

Alitaka tumsomee ili awe na hakika, ingawa alijua. Tukamsomea. Akaketi kwenye benchi la watoto, magoti yakiwa juu karibu na kidevu, akashika kalamu muda mrefu. Akaandika jina lake. Kisha mbele yake, kwa herufi ndogo ili zienee, akaandika jina la mke wake. Akatuuliza kama inafaa. Tukasema kwamba kwetu inafaa sana, lakini ofisi ni ofisi.

Na kweli karatasi ilirudi. Karani wa shule ile alikuwa amechora duara kuzunguka mstari wa saba, akaandika kwamba linatakiwa jina moja tu. Dereva ndiye aliyeileta, jioni ya darasa, na kwa hiyo watu wote walikuwapo, pamoja na yule aliyejipiga kifua.

Baba aliiweka karatasi juu ya meza, akaomba kalamu. Alikata jina lake mwenyewe kwa mstari mmoja ulionyoka, polepole, kama fundi anayepima ubao. Akaandika upya jina la mke wake kwa herufi kubwa, lote, la ubatizo na la ukoo. Kisha akauliza hapo chini, penye sahihi ya baba wa mtoto, atie sahihi kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Mama mshonaji akamjibu kabla yetu kwamba sahihi haina lugha. Akatia, akaikunja karatasi, akamkabidhi dereva, akarudi mahali pake karibu na mlango. Somo la jioni ile lilikuwa juu ya saa na majira, na alikuwa wa kwanza kusema kwa Kiingereza, bila kukosea, saa tisa ya usiku.